Voi, Mji Uliobanwa na Mistari

Ukiifungua ramani ya Taita Taveta, rangi ya kijani imeimeza karibu yote. Kaunti ina kilomita za mraba 17,084, na takriban asilimia 62 ya eneo hilo imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Kinachobaki wanagawana wakulima wa milimani, ranchi za mifugo, mashamba ya mkonge, miji, na watu 340,671 waliohesabiwa katika sensa ya 2019. Voi imekaa ndani ya mbano huo: huku mbuga, kule mkonge na ranchi, na katikati reli na barabara kuu ya Mombasa. Kila kimoja kati ya hivyo ni mstari uliochorwa na mamlaka fulani, mwaka fulani, kwa sababu moja tu.

Reli ilitangulia. Ilianza Mombasa mwaka 1896 ikilenga Ziwa Victoria, na kufikia 1898, simba walipokuwa wakiwala wafanyakazi wa daraja la Mto Tsavo, ilikuwa imekwisha kuipita Voi. Waliouchora mstari ule walitaka kujua kitu kimoja: treni ipite wapi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika, Waingereza wakatandika reli nyingine kutoka Voi kuelekea Taveta ili jeshi liwafuate Wajerumani hadi Moshi. Mwaka 1915 watu wa Kasigau walishukiwa kumsaidia adui, wakang'olewa kwao wote kwa pamoja na kupelekwa Malindi. Baada ya vita mkonge ukatanda tambarare, na mwaka 1948 serikali ya kikoloni ikatangaza Mbuga ya Taifa ya Tsavo. Ndani wanyama, nje watu. Wawindaji wa Kiwaata, waliokuwa wakiishi kwa upinde katika pori lile lile, wakageuka wahalifu, na katikati ya miaka ya 1950 ikaendeshwa kampeni kali iliyowajaza gerezani.

Wataita wenyewe walikuwa wamezoea kugawa ardhi kwa namna nyingine. Kutoka Voi, kwenye mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi kilele cha Vuria kwenye mita 2,208, mvua na udongo hubadilika kwa kila saa ya kupanda. Kwa hiyo familia ilijitahidi kuwa na vipande vya shamba katika miinuko tofauti: juu kwenye ukungu, bondeni penye mfereji, na chini kwenye joto. Mwaka ambao chini kumekauka, juu huenda kukavunwa. Palikuwa pia na fighi, vichaka vitakatifu ambavyo wazee walivilinda na ambamo mti haukatwi hovyo. Mfumo huo haukuwa bustani ya Edeni, ulikuwa na ugomvi wake na wenye nguvu wake. Lakini ulipima mambo mengi kwa mpigo: mvua, mteremko, maji, ukoo, na heshima kwa waliotangulia.

Mistari ya kikoloni ilikata vipande hivyo, na malalamiko hayakuchelewa. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Wataita waliunda Taita Hills Association, ardhi ikiwa kiini cha madai yao. Mwaka 1940 serikali ikakipiga marufuku chama hicho pamoja na Kikuyu Central Association (KCA) na Ukamba Members Association.

Hata ndani ya mbuga, mtindo wa kuuliza swali moja ulileta balaa. Miaka ya 1960 mwanasayansi Richard Laws aliona kwamba ndovu wa Tsavo wanang'oa miti kuliko pori linavyoweza kustahimili, akataka maelfu wapunguzwe kwa risasi. David Sheldrick, mkuu wa Tsavo Mashariki, alipinga. Kwake yeye mazingira yangejirekebisha yenyewe. Upunguzaji huo wa maelfu haukufanyika. Ukame wa 1970 na 1971 ukaja, ukaua maelfu yao, majike na ndama hasa. Wabishi wa pande zote wamekuwa wakiutumia ukame ule kuthibitisha kwamba wao ndio waliosema kweli. Swali lililowagawa, kama ndovu wamezidi au hawajazidi, lilikuwa swali bovu tangu mwanzo, kwa sababu jibu lake hutegemea umesimama wapi, msimu gani, na unamwuliza nani.

Ndiyo maana mtaa wa Tanzania-Bondeni, ambako swali halikuwa moja, unastahili kutazamwa kwa karibu. Ni mtaa wa Voi uliokua bila mpango. Watu wa kipato kidogo walijenga kwenye ardhi ambayo kwa maandishi haikuwa yao, wakaitwa maskwota kama wenzao wa miji mingine ya Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukaingia mradi wa kuendeleza miji midogo, ulioendeshwa na Wizara ya Serikali za Mitaa kwa msaada wa shirika la GTZ la Ujerumani. Njia ya kawaida ilijulikana: pima viwanja, toa hatimiliki kwa kila mtu, funga faili.

Wakazi waliwekewa mezani zaidi ya njia moja. Ya kwanza, hati ya mtu mmoja mmoja. Ya pili, ushirika wa nyumba. Ya tatu ilikuwa ngeni kabisa nchini: amana ya ardhi ya jamii. Chini ya mpango huo ardhi hubaki mali ya wote chini ya wadhamini, huku nyumba ikiwa ya aliyeijenga. Anaweza kuirithisha, lakini ardhi iliyo chini yake haiendi sokoni. Mtindo huo ulikuwa umezaliwa Georgia, Marekani, mwaka 1969, wakati wanaharakati weusi wa haki za raia walipoanzisha shamba la New Communities ili wakulima wenzao wasiendelee kufukuzwa.

Tazama walichokuwa wakikipima. Hati ya binafsi inaeleweka na benki, na inampa mtu uhuru wa kuuza. Ila uhuru huo huo ndio mlango wa tajiri kutoka mbali: kiwanja kikishapata karatasi, bei hupanda, mwenye shida anauza, na baada ya miaka michache yuko pembeni mwa mji mwingine akianza upya kama skwota. Amana inaziba mlango huo, lakini haijazoeleka, na sheria za Kenya hazikuwa na pahala pake. Usalama, mkopo, urithi, kasi ya kupata karatasi, kinga dhidi ya walanguzi: hakuna njia iliyoshinda katika kila kigezo. Wakazi walijadiliana, wakachagua amana.

Utekelezaji ulikuwa mgumu. Kwa kuwa hapakuwa na sheria moja ya kuubeba mpango mzima, ilibidi mawakili waunganishe jumuiya ya wakazi na chombo cha wadhamini, kila kimoja na katiba yake, na hati zikasuasua. Watafiti kama Ellen Bassett na Emmanuel Midheme wameuandikia mtaa huo, na hadi leo Voi hutajwa katika vitabu vya mipango miji kama mahali ambapo Kenya ilijaribu amana ya ardhi ya jamii kwa mara ya kwanza.

Mjadala wa aina ile una hesabu yake, na hesabu hiyo ilikuwa imekwisha kuandikwa. Mwaka 1965 Lotfi Zadeh, mzaliwa wa Baku aliyekuwa akifundisha Berkeley, California, alichapisha makala kuhusu seti za fazi. Katika hesabu ya kawaida kitu kimo ndani ya kundi au hakimo. Zadeh alikipa kitu ruhusa ya kuwamo kwa kiasi: 0.2, 0.5, 0.9. Mwaka 1970 yeye na Richard Bellman wakaonyesha jinsi ya kufanya uamuzi kwa vipimo hivyo. Miaka hiyo hiyo Thomas Saaty, mzaliwa wa Mosul, Iraki, alibuni njia ya kupanga uzito wa vigezo kwa kuvilinganisha viwili viwili kwenye ngazi ya 1 hadi 9. Mojawapo ya kazi zake za mwanzo haikuwa mbali na kwetu: mpango wa uchukuzi wa Sudan. Mwaka 1983 njia hizo mbili zikaunganishwa, ili anayesema kigezo hiki ni muhimu zaidi asilazimishwe kutaja 3 kamili. Anaweza kusema ni 3 hivi, isiyopungua 2 wala kuzidi 4.

Chukua kando ya Mto Voi, mto wa msimu unaokuwa mchanga mtupu kwa miezi kisha ukafurika kwa usiku mmoja. Kanuni za Kenya kuhusu kingo za mito huzungumzia hifadhi ya mita 6 hadi 30. Ukiukaza mstari kwenye mita 30, nyumba ya mita 29 ni kosa, ya mita 31 haina neno, na maji ya mafuriko hayajui tofauti hiyo. Kwa fazi mpangaji anaweza kusema usalama ni 0 kwenye mita 10 na 1 kwenye mita 110, ukipanda polepole katikati. Mita 30 inapata 0.2, mita 60 inapata 0.5.

Sasa viwanja viwili vya kubuni. Cha kwanza kina 0.2 kwa mafuriko, 0.9 kwa barabara, 0.9 kwa maji ya bomba, na 0.8 kwa umbali kutoka njia ya ndovu. Cha pili kina 0.6, 0.6, 0.5 na 0.7. Ukichukua wastani, cha kwanza kinashinda kwa 0.7 dhidi ya 0.6. Bellman na Zadeh walipendekeza kanuni nyingine: alama ya kiwanja iwe ile ya kigezo chake kibovu zaidi. Hapo cha kwanza kinaanguka hadi 0.2, na cha pili kinabaki na 0.5. Barabara nzuri haimzuii mtu kusombwa na maji. Anayechagua kati ya kanuni hizo mbili amekwisha kufanya siasa, hata kama skrini inaonyesha tarakimu tupu.

Hesabu hii ilifika kwa wapangaji wa kawaida kupitia programu za ramani. Mojawapo, iliyotoka Chuo Kikuu cha Clark, Marekani, mwaka 1987, iliitwa IDRISI kwa heshima ya al-Idrisi, mwanajiografia wa karne ya 12 ambaye kitabu chake cha 1154 kinazitaja Malindi na Mombasa. Pwani yetu ilikuwa kwenye maandishi yake zaidi ya miaka mia nane kabla jina lake kuwekwa kwenye kompyuta.

Huko Milima ya Taita, Chuo Kikuu cha Helsinki kina kituo cha utafiti Wundanyi, na kazi yao inaonyesha kwa nini vipimo vya ndiyo na hapana hudanganya. Petri Pellikka na wenzake walilinganisha picha za angani za 1955 na za 2004. Msitu wa asili ulikuwa umepungua kwa nusu. Lakini eneo lote lenye miti lilikuwa limeshuka kwa asilimia 2 tu, kwa sababu misonobari na mikaratusi ilipandwa penginepo. Ofisa anayeuliza kama hapa ni msitu atapata ndiyo kwenye msitu wa asili na kwenye miti ya kupandwa, akaripoti kwamba mambo ni shwari. Ndege wa misitu ya Ngangao na Mbololo, kama kurumbiza wa Taita asiyepatikana popote duniani nje ya milima hii, hawezi kuishi kwenye jibu hilo.

Mstari mpya zaidi ni reli ya SGR, iliyofunguliwa Mei 2017 ikikata Tsavo juu ya tuta lenye uzio, na vivuko vya chini kwa ajili ya wanyama. Huko Sagalla, karibu na Voi, wakulima waliochoka kulala wakipiga madebe kufukuza ndovu wamejaribu uzio wa nyuki wa shirika la Save the Elephants. Mizinga huning'inizwa kila mita kumi na kuunganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya, mizinga inayumba na nyuki wanatoka. Si ukuta. Huwarudisha ndovu wengi, si wote, na asali inauzwa.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa ardhi wa miaka kumi unaotumia ramani za kompyuta. Kazi ngumu ndani yake haitakuwa kukokotoa. Swali la Saaty, kigezo hiki ni muhimu mara ngapi kuliko kile, katika tafiti nyingi huulizwa wataalamu wachache ofisini, na mkulima wa Sagalla hupata habari ramani ikishachapishwa.

Chemchemi za Mzima ni mtihani wa hilo. Zimo ndani ya Tsavo Magharibi, na tangu 1957 bomba lake hupeleka maji Mombasa. Bomba la pili, Mzima II, limejadiliwa kwa miaka, na viongozi wa Taita Taveta wamekuwa wakidai kaunti ipate sehemu ya mapato. Jedwali la vigezo likijazwa Mombasa, kiu ya jiji dhidi ya umwagiliaji wa wakulima wa bara huenda ikapewa 7. Likijazwa Voi, kwa vigezo vile vile na programu ile ile, huenda namba hiyo ikageuzwa juu chini, na hakuna kipengele katika hesabu kinachosema ni jedwali lipi litumike.