Wajibu wa Mwajiri Katika Sheria za Kazi na Usalama

WAJIBU WA MWAJIRI, kwa istilahi ya sheria, ni jumla ya mambo yanayomlazimu kila anayemtumia mwenzake kwa ujira, akiwa mtu binafsi, kampuni au serikali, kuyatimiza kwa ajili ya uhai, siha, wakati na malipo ya huyo anayemtumikia. Na ni mambo ambayo hayapungui kwa mapatano ya siri baina ya wawili hao, wala hayamtoki mwajiri kwa kumtanguliza nyapara mbele yake, wala hayafutwi na karatasi ambayo mfanyakazi, aghalabu kwa dhiki ya kutafuta riziki, atatakiwa aitie sahihi. Kwa Tanzania Bara msingi wake umo katika Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004; Zanzibar, kwa kuwa kazi si jambo la Muungano, ina sheria zake mbali, zilizotungwa 2005.

Atakayezisoma sheria hizi bila ya kujua zilikotoka ataziona ni masharti makavu tu, lakini tarikhi yake yabainisha jinsi deni lilivyohama kutoka mgongo mmoja hadi mwingine. Zama za utawala wa Waingereza, sheria ya Tanganyika ya 1923 iliyohusu mabwana na watumishi wenyeji ilimhesabu mtumishi kuwa ndiye mdaiwa: aliyetoroka kazi kabla ya muda wake kwisha alishitakiwa kwa jinai, kana kwamba kuvunja mapatano ya kazi ni sawa na wizi. Katika mashamba ya mkonge wafanyakazi walikwenda kwa kipande, yaani siku 30 za kazi zilizotakiwa zitimie ndani ya siku 42, na siku ambayo mtu hakumaliza kipimo chake haikutiwa alama katika kadi yake, hata kama jua lilimchomea shambani tangu alfajiri. Baada ya vita kuu ya pili, na baada ya migomo ya 1947, ule wa Mombasa mwezi wa Januari na ule wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam mwezi wa Septemba, serikali za kikoloni zilianza kulitazama jambo hili kwa jicho jingine. Na 1950 Tanganyika ikapata sheria ya viwanda, ambayo kwa zaidi ya miaka hamsini ilibaki kuwa ngao ya mfanyakazi dhidi ya mashine, ingawa, kama jina lake lilivyodhihirisha, aliyekuwa nje ya kiwanda haikumfikia.

Huko Uingereza kwenyewe, zilikotoka kanuni hizi, mambo hayakuanza vyema. Mwaka 1837 mahakama ilimnyima fidia mtumishi wa muuza nyama aliyevunjika paja kwa gari lililopakiwa kupita kiasi, na kutokana na shauri hilo ikakua itikadi ya kwamba anayeingia kazini amekwisha kuridhia hatari zake, pamoja na taksiri za watumishi wenzake. Itikadi ya ajabu, maana ilimpa mwenye mali faida yote ya kazi na kumwachia maskini madhara yake. Ilichukua karne nzima hata Baraza la Malodi, katika shauri la mchimbaji wa makaa wa Uskoti lililokatwa 1937, likatamka bayana kwamba mwajiri anadaiwa mambo matatu ambayo hawezi kuyavua kwa kumkabidhi mtu mwingine: wafanyakazi wenza wenye ujuzi, vyombo vinavyofaa, na utaratibu wa kazi ulio salama pamoja na usimamizi wake. Mambo hayo matatu ndiyo yamekuwa chemchemi ya sheria nyingi za Afrika Mashariki.

Sheria ya 2003, iliyoshika mahali pa ile ya 1950, ilivunja ukuta wa kiwanda na kuingia shambani, ofisini, dukani na kwenye majengo yanayojengwa. Mwajiri anatakiwa kwanza aandikishe mahali pake pa kazi kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, uitwao OSHA, ulioanzishwa 2001, ambao wakaguzi wake wana haki ya kuingia, kupima, kuuliza na, penye hatari ya karibu, kuisimamisha kazi. Kisha zinamlazimu kinga za mashine, yaani kila mkanda, gurudumu la meno na mhimili unaozunguka uwe umezibwa usije ukavuta mkono au nguo ya mtu. Zinamlazimu njia za kutokea wakati wa moto, ambazo hazifai kufungwa kwa kufuli hata kama tajiri anachelea wizi. Na yanamlazimu maji safi ya kunywa, vyoo, hewa ya kutosha na sanduku la huduma ya kwanza. Vifaa kinga, kama helmeti, glavu, miwani na viatu vya usalama, ni juu yake kuvitoa, na kuvikata katika mshahara ni kumtoza mtu bei ya uhai wake mwenyewe. Upimaji wa afya nao hufanywa mfanyakazi anapoingia kazini, anapokuwa kazini, na anapoondoka. Na huu wa mwisho, ambao waajiri wengi huuona kuwa ni hasara tupu, una maana kubwa kuliko yote, kwa sababu vumbi la mgodini na la saruji huchukua miaka kujidhihirisha kifuani, na bila ya cheti cha siku ya kuondoka hakuna awezaye kusema ugonjwa ulipatikana wapi. Mfanyakazi naye hakuachwa huru kabisa: anatakiwa ajihadhari, avae alichopewa, na aseme anapoona hatari.

Upande wa viwango vya ajira, hesabu yake si ngumu. Kazi ya kawaida haizidi saa 9 kwa siku wala saa 45 kwa juma. Ya ziada haizidi saa 50 katika kila majuma manne, nayo hulipwa mara moja na nusu. Aliyefanya kazi saa 5 mfululizo hupewa mapumziko ya saa nzima. Likizo ya mwaka ni siku 28, ya uzazi siku 84, nazo huwa 100 kwa aliyejifungua watoto zaidi ya mmoja, na baba hupata siku 3, ambazo kwa maoni ya mwandishi huyu ni chache mno, seuze ukizilinganisha na majuma mawili ya Kenya. Mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa, na wa chini ya miaka 18 haingizwi mgodini, kiwandani wala ubaharia. Vibarua, ambao hurudishwa nyumbani na kuitwa tena ili wasionekane kuwa wa kudumu, sheria imewakumbuka: wakimtumikia mwajiri mmoja kwa vipindi ambavyo jumla yake inapita miezi sita katika mwaka, wanastahili likizo yenye malipo.

Ajali ikitokea, fidia haitegemei tena ukarimu wa tajiri wala shirika la bima alilolichagua. Kwa sheria Na. 20 ya 2008 uliundwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao waajiri huuchangia kutoka katika mifuko yao, si katika mshahara wa mtu, nao hulipa matibabu, ulemavu, na pensheni ya wategemezi wa aliyefariki.

Kosa kubwa la waajiri wadogo ni kudhani kwamba asiyeandika mkataba hafungwi na chochote. Sheria yasema kinyume: mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi, amfafanulie kwa namna anayoielewa ikiwa hayafahamu, na ayatunze kwa miaka mitano baada ya ajira kwisha, na akishindwa kuyatoa mbele ya sheria, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalogombaniwa huwa juu yake. Hali kadhalika katika kuachishwa kazi, mwajiri ndiye wa kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa ya haki na utaratibu ulifuatwa, madhali mfanyakazi amekwisha kutimiza miezi sita. Aliyeachishwa na akaona amedhulumiwa hana budi kupeleka malalamiko yake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika muda wa siku 30, na anayechelewa hulazimika kwanza kueleza sababu za kuchelewa kwake kabla ya shauri lenyewe kusikilizwa.