Mtabila Kabla ya Makuruta: Stori Ambayo Waandishi wa Muvi Wameipita

Mtajie kijana wa mjini neno Mtabila. Kama alipangiwa JKT huko, atacheka kwanza. Atakumbuka kwata, mchakamchaka na afande asiyejua kuongea taratibu. Lakini Mtabila hiyo hiyo ya Kasulu, kabla ya makuruta, ilikuwa na mji mzima wa watu. Kama unatafuta stori ya kuandikia skripti, kaa kitako.

Tarehe 21 Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, miezi mitatu tu baada ya kuapishwa. Watu kwa mamia ya maelfu wakakimbia, wengi wakavuka mpaka kuingia kwetu. Mkoa wa Kigoma ukajaa kambi, Kibondo huku na Kasulu kule. Mtabila ikawa mojawapo.

Staringi wetu hana jina. Mpe mtoto mchanga aliyevuka mpaka mgongoni kwa mama yake. Amekulia kambini, kwenye foleni ya mgao, akisikia kila jioni habari za nchi asiyoikumbuka. Mwaka 2012 serikali inawaondolea wengi wa Mtabila hadhi ya ukimbizi. Kati ya mwisho wa Oktoba na Desemba, zaidi ya watu 30,000 wanarudishwa Burundi na kambi inafungwa. Staringi ana miaka 19. Anaambiwa anarudi nyumbani, na huko hajawahi kuishi. Hapo unahitaji mzimu wa nini? Bastola ya nini?

Sasa tuingie darasani, maana ukanda huu una walimu wake.

Wa kwanza ni redio. Mwaka ule ule wa 1993, Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Ulitumia mbinu ya Miguel Sabido wa Mexico: weka mhusika mwema, weka mbaya, halafu weka anayeyumba katikati. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, alikuwa yule mbaya. Hakuna aliyesimama kumhubiria msikilizaji. Mkwaju mwenyewe aliishi maisha yake mpaka ukimwi ukamfikia. Kwa miaka miwili Dodoma haikurushiwa mchezo huo, ili watafiti walinganishe, na tofauti ikaonekana: uzazi wa mpango ulipanda zaidi kule uliposikika. Kwa hiyo usihubiri. Muache mhusika alipe gharama yake.

Wa pili ni Marie-Louise Sibazuri, mwandishi wa Burundi. Wakati nchi yake iko vitani, aliandika mchezo wa redio Umubanyi Niwe Muryango, yaani jirani ndiye ndugu, uliotayarishwa na Studio Ijambo. Familia ya Kihutu na ya Kitutsi zinaishi jirani. Angeweza kuwapeleka msituni na bunduki, ila yeye akawaweka mahali ambapo lazima wasalimiane asubuhi. Mgogoro mkali ni wa watu wasioweza kukwepana.

Wa tatu ni mtafiti Liisa Malkki. Katikati ya miaka ya 1980 alizungumza na Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Wale wa kambi ya Mishamo walisimulia historia yao kwa sauti moja, sisi na wao, kana kwamba wamekaririshana. Wale wa Kigoma mjini walijichanganya na watu, wengine wakaficha hata walikotoka. Msiba ni ule ule, stori mbili. Kabla hujaandika mazungumzo, jiulize: huyu anaongea akiwa amesimama wapi, na nani anamsikiliza?

Ukitaka shule rasmi, TaSUBa ipo Bagamoyo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa za maonyesho. Ila hakuna chuo kitakachokufundisha kusikiliza. Anza na bibi yako. Muulize usiku aliohama, alibeba nini, aliacha nini. Andika kama alivyosema, usimrembee maneno. Na kama ni stori ya mtu aliye hai, omba ruhusa na ficha jina lake. Uchungu wa mtu si mali ya kuokota.

Tulimwacha staringi wetu kwenye basi, Desemba 2012. Mwaka 2015 Burundi ikawaka tena. Watu wakavuka mpaka tena, Nyarugusu ikafurika, na Nduta ya Kibondo ikafunguliwa upya. Katika umati ule walikuwemo waliowahi kuwa wakimbizi hapa hapa. Staringi sasa ana miaka 22, na safari hii mtoto yuko mgongoni kwa mke wake.

Tumezoea kusema staringi hafi. Ni kweli, huyu hakufa. Ila hakuna aliyemwandika.

Wewe ungeanzia sini ya kwanza wapi: 1993, 2012 au 2015? Tuambie hapo chini.