Mfumo: Kutoka Hazina 1965 Hadi Newala 2024

Wadau, mkifika Masasi au Newala mkasikia watu wanabishana kuhusu "mfumo", msidhani wanaongelea kompyuta. Wanaongelea korosho. Mimi nasema mabishano yale ni somo zuri la kompyuta.

Tuanze na historia. Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu, ICT 1500, ilifungwa Hazina mwaka 1965. Hesabu za serikali zikahamishiwa kwenye mashine, tukiwategemea wataalamu wa kigeni, na mambo yakaharibika. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku ikaja kulegezwa polepole, na miaka ya 1990 somo la kompyuta likapata muhtasari wake wa sekondari.

Mwanafunzi wa somo hili hufundishwa hatua za kusanifu mfumo: chunguza tatizo, chora suluhisho, tengeneza, jaribu, kabidhi. Mada ya athari za kompyuta kwa jamii wengi huikariri kwa ajili ya mtihani tu. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo ingetangulia.

Sasa tupande Newala. Msimu wa 2007/08 mkoa wa Mtwara ulianza stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka korosho chama cha msingi, zinapimwa, zinakwenda ghalani, na wanunuzi wanaandika bei kwenye karatasi zinazosomwa mnadani. Kompyuta haikuhitajika, lakini ule ni mfumo kamili: kuna kinachoingia, kuna kumbukumbu, kuna kinachotoka. Shabaha ilikuwa kumdhibiti kangomba, yule mlanguzi anayemlalia mkulima kwa vipimo vyake mwenyewe.

Kwenye mchoro, safi kabisa. Ila mkulima alilipwa kwa awamu, na mwenye njaa au ada ya mtoto hana muda wa kusubiri awamu. Aprili 2013, kule Liwale mkoani Lindi, malipo ya pili yalikuja pungufu na nyumba zikachomwa moto. Novemba 2018 serikali ikatangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likasomba mzigo, na mkulima akatakiwa kuhakikiwa kabla ya kulipwa. Wapo waliosubiri miezi. Hizo ndizo athari kwa jamii, na hazikuhitaji hata waya mmoja wa umeme.

Oktoba 2024 mnada wa korosho ukahamia kwenye kompyuta kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na bei za mnada wa kwanza zikapita shilingi 4,000 kwa kilo. Nilifurahi kama wengine. Lakini tusiipe kompyuta sifa zote, maana bei ya korosho hutegemea pia wanunuzi wa India na Vietnam. Halafu skrini inaonyesha bei tu, haioni mizani ya kijijini. Mizani ikiiba, kompyuta itauza wizi huo kwa uaminifu mkubwa.

Ndiyo maana ningependa mwanafunzi wa Newala apewe zoezi moja: chora safari ya gunia la korosho la bibi yako, kuanzia shambani hadi pesa iingie mkononi mwake, kisha weka alama kila mahali anapoweza kupunjwa. Akimaliza, ndipo awashe kompyuta. Hazina wangeanza na zoezi kama hilo, pengine 1974 isingekuwepo.

Tutafakari.