Habari za Matrekta ya Petroli, Tangu Kabureta Hata Kompyuta

Ndugu wanachama, katika kurasa nyingine za kitabu hiki mtasoma hesabu za mazao, majina ya wenyeviti waliopita na habari za ghala letu. Sisi wa ofisi ya Katibu tumepewa kurasa hizi ili tueleze jambo lililoulizwa mara nyingi katika mikutano ya vyama vya msingi. Yale matrekta mawili ya petroli yaliyo bandani, yaliyokuja pamoja na mali za shamba la zamani, je, yauzwe kwa bei ya chuma chakavu, ama yaweza kugeuzwa yapimiwe mafuta kwa umeme na kompyuta, kama wafanyavyo baadhi ya wakulima wa Marekani na Uingereza? Mkutano Mkuu utalipigia kura jambo hili, na twaona ni vema kila mpiga kura ajue kwanza asili yake.

Trekta la kwanza kutengenezwa kwa wingi mno lilikuwa Fordson la Bwana Henry Ford, lililoanza kutoka kiwandani mwezi wa Oktoba 1917, wakati Uingereza ilipokuwa vitani na ikihitaji sana chakula. Liliwashwa kwa petroli, kisha likipata moto lilihamishiwa kwenye mafuta ya taa, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa rahisi. Miaka ile wauzaji walikuwa wengi na maneno yao matamu. Huko Nebraska mkulima mmoja aliyekuwa pia mjumbe wa baraza la kutunga sheria, Wilmot Crozier, alinunua trekta bovu lililosifiwa kupita kiasi, na hasira yake ikazaa sheria ya mwaka 1919, kwamba trekta lisiuzwe jimboni humo mpaka lipimwe na Chuo Kikuu, ionekane kama lafanya kazi iliyotangazwa. Majaribio yalianza 1920, na matokeo yake yakasomwa na wakulima wa nchi nyingi. Laiti kila bidhaa iletwayo mlangoni petu ingelikuwa na kipimo cha namna hiyo!

Matrekta yetu mawili ni ya ukoo mwingine. Mwaka 1938 Bwana Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland, alimwendea Ford akamwonyesha jinsi plau inavyoweza kushikwa nyuma ya trekta kwa mikono mitatu ya chuma na kuinuliwa kwa nguvu ya mafuta yaliyobanwa. Wazee hao wawili wakapeana mikono, wala hawakuandika mkataba. Mwaka 1939 likatoka Ford 9N. Baadaye kampuni ya Ford iliachana na Ferguson, na mwaka 1947 ikaanza kuuza lake lenyewe, yaani Ford 8N. Kesi ikaenda mahakamani, nayo ikamalizika 1952 kwa kampuni hiyo kulipa dola milioni 9 na robo. Sisi tunaotunza majalada ya mikataba ya Chama hatuchoki kuikumbuka habari hiyo.

Ferguson mwenyewe alikuwa amekwisha kuanza kazi Uingereza. Tangu 1946 hata 1956, katika kiwanda cha Banner Lane mjini Coventry, yalitengenezwa zaidi ya matrekta 500,000 ya aina ya TE20, yale madogo ya rangi ya kijivu ambayo wazee wetu huyatambua wakiwa mbali. Edmund Hillary na wenzake waliyaendesha matrekta ya Ferguson juu ya barafu wakafika nayo Ncha ya Kusini tarehe 4 Januari 1958. Basi asiseme mtu kwamba ni matrekta dhaifu.

Sasa tuingie katika kiini cha jambo, nacho ni kabureta. Petroli haiwaki vema mpaka ichanganywe na hewa kwa kadiri yake: kilo moja ya petroli hutaka yapata kilo 14.7 za hewa. Katika matrekta haya tangi liko juu, na mafuta hushuka yenyewe bila pampu hata yaingie katika kikombe cha kabureta, ambamo mna boya lifungalo sindano kikombe kikijaa, mfano wa boya la tangi la maji. Injini inapovuta pumzi, hewa hupita mahali pembamba kwa kasi. Kasi hiyo hupunguza kani ya hewa, na petroli hufyonzwa kupitia tundu dogo. Hakuna waya wala hesabu. Mtoto wa darasa la saba aweza kukifungua chombo hiki kwa spana na bisibisi, akakisafisha na kukifunga.

Lakini kabureta haijui uzito wa hewa. Tundu lililopimwa Dar es Salaam, pwani kabisa, litatoa petroli nyingi mno likipelekwa Mbeya, kwenye kimo cha yapata mita 1,700, kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi. Moshi mweusi utatoka na plagi zitashika masizi. Katika mteremko mkali boya hulala upande, na injini huzama kwa mafuta ama hukosa. Trekta likikaa bila kazi tangu mavuno hata kupanda, petroli hukauka ndani ya kikombe na kuacha utomvu uzibao matundu. Huko Marekani, ambako petroli huchanganywa na kileo kitokanacho na mahindi, kileo hicho huvuta maji, na maji huila madini ya kabureta za zamani. Jambo hilo la mwisho ndilo lililowasukuma wengi wa wenye Ford 8N na Farmall kutafuta njia nyingine.

Watengenezaji wa matrekta wenyewe hawakuingoja njia hiyo, kwani walihamia dizeli. Ferguson alitoa TE20 la dizeli mwaka 1951, na kwa muda wa miaka ishirini hivi matrekta makubwa ya petroli yakawa adimu katika maduka. Dizeli hubana hewa zaidi na hula mafuta machache kwa kazi ile ile, na hakuna kompyuta itakayolifanya trekta la petroli lilingane nalo. Twalisema hili mapema ili mtu asidanganyike.

Kupimwa kwa petroli kwa umeme kulianzia katika magari. Kampuni ya Bendix ya Marekani ilitangaza mtambo wake, Electrojector, mwaka 1957. Chrysler waliufunga katika magari machache ya 1958, nao ukawasumbua hata mengi yao yakarudishiwa kabureta. Haki za uvumbuzi huo zikauziwa Bosch wa Ujerumani, na mwaka 1967 Bosch wakatoa D-Jetronic katika gari la Volkswagen 1600, kwa kuwa sheria za Marekani juu ya moshi zilikuwa zimeanza kubana. Mwaka 1976 Volvo walitia katika bomba la moshi kipimo cha oksijeni, kinachoiambia kompyuta kama mchanganyiko umezidi ama umepungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kabureta zilikuwa zimekwisha katika magari mapya ya Marekani. Hivyo viwanja vya magari mabovu vikajaa nozeli, pampu na vipimo vya bei ndogo, na mwaka 2001 Wamarekani wawili, Bruce Bowling na Al Grippo, walitoa kompyuta iitwayo MegaSquirt, ambayo mnunuzi aliilehemu mwenyewe kipande kwa kipande, akajaza mwenyewe jedwali la hesabu za mafuta.

Kazi ya kugeuza trekta ni hii. Kabureta ya TE20, kama ya 8N, huning'inia chini ya bomba la hewa, na hewa hupanda kwenda juu. Fundi ana njia mbili: ama kuweka mahali pake mlango wa hewa wenye nozeli, ama kutoboa bomba lenyewe na kuweka nozeli moja karibu na kila silinda. Vyovyote afanyavyo, ule mkono wa kidhibiti mwendo, uongezao hewa plau inapoingia katika udongo mgumu, hana budi kuuunga tena na mlango mpya. Asipofanya hivyo trekta litazimika ama litakimbia ovyo. Mafuta yanayoshuka yenyewe hayatoshi tena: yahitaji pampu ya umeme, na pengine bomba la kuyarudisha yaliyobaki tangini. Kipimo kimoja husoma kani ya hewa iliyo bombani, cha pili joto la hewa, cha tatu joto la maji, cha nne mzunguko wa injini. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila mzunguko huchukua elfu 30 za milioni za sekunde, na katika muda huo kompyuta huamua nozeli ifunguke kwa kitambo gani. Ikiwa asubuhi ni ya baridi, huongeza mafuta yenyewe, na dereva hana haja ya kuvuta choki.

Umeme nao wataka kazi. Ford 8N lilikuwa na volti 6, na upande wa chanya ndio uliofungwa katika mwili wa trekta. Kompyuta hutaka volti 12 na upande wa hasi. Tena betri ikifa shambani, pampu haisukumi mafuta, na kuzungusha injini kwa mkono hakutafaa kitu.

Wako pia wakulima wa Marekani wanaokumbatia trekta kuukuu kwa sababu nyingine. Matrekta mapya yana kompyuta ambazo mwenye mali hawezi kuzifungua pasipo mtu wa kampuni. Mwaka 2015 Mkuu wa Maktaba ya Bunge la nchi hiyo aliruhusu wenye matrekta kuvunja kufuli za programu kwa ajili ya matengenezo, na mwaka 2023 jimbo la Colorado lilitunga sheria kwamba watengenezaji wawape wakulima vifaa na maelezo ya kutengenezea. Sisi wa nchi hii tunayo kumbukumbu yetu: huko Kongwa, katika mpango wa karanga uliofungwa 1951 baada ya kumeza yapata pauni milioni 36 za Waingereza, mashine zilitangulia na karakana zikafuata nyuma.

Kwa maoni yetu, trekta la kwanza, ambalo kabureta yake ni nzima, lisafishwe tu na kutiwa vifungio vipya. Kuligeuza ni kutupa fedha. La pili kabureta yake imeliwa na kutu. Hilo tungependa ligeuzwe, kwa sharti kwamba kazi ifanyike katika karakana yetu, mbele ya vijana wa Chama, na jedwali la hesabu liandikwe katika daftari letu na lisibaki kichwani mwa fundi mmoja. Makadirio ya gharama za njia zote tatu, pamoja na bei ya chuma chakavu, yamewekwa ofisini, na mwanachama yeyote aweza kuja kuyasoma saa za kazi kabla ya siku ya Mkutano Mkuu.