Fedha Mkononi mwa Maskini: Historia ya Wazo Lililoogopwa



Miaka kadhaa iliyopita, katika msimu wa njaa uliofuata mvua hafifu, parokia yetu ilikusanya mahindi na maharage kwa ajili ya kaya zilizokuwa na hali mbaya zaidi katika vigango vyetu. Jumuiya Ndogo Ndogo zilileta majina, vijana walipakia magunia, nasi tukashukuru. Majuma mawili hayakupita kabla hatujayakuta baadhi ya magunia yale yale, yenye alama ya rangi tuliyoyatia kwa mkono wetu, yakiuzwa gulioni. Hasira ilitupanda. Tulimwita mama mmoja mjane, tukamwuliza kwa sauti ambayo leo tunaionea haya. Alijibu kwa utulivu: "Baba, mahindi ya kula nilikuwa nayo madebe mawili. Nilichokosa ni dawa ya mtoto na sare ya shule. Na gunia lenyewe nimeliuza nusu ya bei, maana wote tuliopewa tulikwenda kuuza siku moja."

Nusu ya sadaka yetu, basi, iliishia kwa mchuuzi wa nafaka. Mbona hatukumpa mama yule fedha tangu mwanzo? Jibu la kweli, tukijichunguza, ni kwamba hatukumwamini. Hofu hiyo hatukuibuni sisi. Ina historia ndefu, na ndiyo tunayotaka kuipitia juma hili.

Tuanzie Uingereza. Tarehe 6 Mei 1795 mahakimu wa mkoa wa Berkshire walikutana katika nyumba ya wageni mahali paitwapo Speenhamland. Mavuno yalikuwa mabaya, nchi ilikuwa vitani na Ufaransa, na bei ya mkate ilikuwa imewashinda vibarua wa mashambani. Mahakimu wakapanga kipimo: mkate mkubwa wa familia ukiuzwa shilingi 1, kila kibarua mwaminifu awe na shilingi 3 kwa juma kwa ajili yake, na shilingi 1 na peni 6 kwa ajili ya mke na kila mtu mwingine wa nyumbani mwake. Ujira ukipungua chini ya hapo, kodi ya maskini ijazie. Mkate ukipanda, na posho ipande. Kodi hiyo ilitozwa na kugawanywa parokia kwa parokia, kwa hiyo mzozo huu wa kale unatuhusu sisi maparoko kuliko tunavyodhani.

Utaratibu huo haukuwa sheria ya Bunge, lakini sehemu nyingi za kusini mwa nchi ziliufuata au ziliuiga kwa namna yao. Haukupita muda malalamiko yakaanza: kwamba maskini wanakuwa wavivu, wanaoa mapema mno, wanazaa watoto ili waongezewe posho. Mwaka 1832 serikali iliunda tume, na taarifa yake ya mwaka 1834 ikazaa sheria mpya iliyokusudia kukomesha msaada wa nyumbani kwa wenye nguvu za kufanya kazi. Aliyetaka msaada aingie katika nyumba ya kazi, ambako mume alitengwa na mkewe na wazazi wakatengwa na watoto wao. Zaidi ya karne moja baadaye, katika miaka ya 1960, mwanahistoria wa uchumi Mark Blaug alizirudia kumbukumbu za tume ile na kuonyesha kwamba hukumu yake haikutokana na ushahidi iliokuwa nao. Vijiji havikuwa maskini kwa sababu ya posho. Posho ilikwenda kule ambako ujira ulikuwa tayari duni na kazi ni za msimu. Lakini sifa mbaya ilikwisha kuenea. Kwa vizazi vingi wakubwa na wasomi waliamini kwamba maskini apewe uji, blanketi na mawaidha, asipewe fedha.

Mabadiliko yaliyovuma zaidi yalitoka Meksiko. Mwishoni mwa mwaka 1994 sarafu ya nchi hiyo iliporomoka, na mwaka uliofuata uchumi ukaanguka vibaya. Serikali ya Rais Ernesto Zedillo ilikuta inatumia fedha nyingi kushusha bei ya maziwa na ya tortilla, yaani mkate wa mahindi ambao kwao ni kama ugali kwetu. Mchumi mmoja wa wizara ya fedha, Santiago Levy, alieleza tatizo kwa hesabu nyepesi: ruzuku ya chakula ilinufaisha miji zaidi, wakati ufukara mkubwa ulikuwa vijijini, tena sehemu kubwa yake iliwaendea watu wasio maskini. Tajiri na fukara walinunua kwa bei ile ile ya nafuu. Na mkulima wa milimani, mbali na duka la serikali, hakupata kitu.

Mwaka 1997 ukaanzishwa mpango ulioitwa Progresa. Fedha zilitolewa kila baada ya miezi miwili, zikakabidhiwa kwa mama wa nyumba. Masharti yalikuwa kwamba watoto wahudhurie shule na familia ifike zahanati kupimwa. Ruzuku iliongezeka kadiri mtoto alivyopanda darasa, na katika sekondari msichana alipewa zaidi ya mvulana, kwa kuwa wasichana ndio waliokuwa wakiacha shule zaidi. Tunaomba msomaji aitazame hekima hiyo kwa makini. Mtoto mkubwa shambani ni mshahara mdogo wa familia. Kumpeleka darasani ni kuupoteza mshahara huo. Baba anayemwondoa mtoto shuleni si lazima awe mjinga wa elimu. Huenda amekwisha piga hesabu.

Jambo jingine lilikuwa jipya kabisa. Kwa kuwa serikali haikuweza kuvifikia vijiji vyote kwa pamoja, watafiti walichukua vijiji 506, na kwa njia ya kura 320 vikaanza mapema na 186 vikasubiri. Hivyo iliwezekana kulinganisha kwa haki. Matokeo yalitangazwa kadiri miaka ilivyokwenda: watoto wengi zaidi waliingia sekondari, wasichana hasa, wadogo waliugua mara chache zaidi, kaya zikala vyakula vya aina nyingi zaidi. Utafiti wa baadaye uligundua kwamba kati ya kila peso nne, karibu moja haikuliwa. Iliwekezwa katika mifugo na shughuli ndogo ndogo za kipato. Chama tawala kilishindwa katika uchaguzi wa mwaka 2000, na wengi walidhani mpango utakufa nacho. Haukufa. Rais mpya, Vicente Fox, aliupanua hadi mijini na kuubadili jina. Ulidumu kwa majina matatu hadi mwaka 2019, serikali ilipouvunja na kuweka misaada ya namna nyingine.

Nako Brazil, miji ya Campinas na Brasília ilikuwa imeanza kuzipa familia maskini fedha tangu mwaka 1995, na mwaka 2003 nchi nzima ikapata mpango wa Bolsa Família.

Barani kwetu tunapenda kuutaja mji mdogo wa Kalomo, kusini mwa Zambia. Ukimwi ulikuwa umechukua wazazi, ukaacha mabibi na wajukuu. Mwaka 2003 na 2004 serikali ya Zambia, ikisaidiwa na shirika la Kijerumani la GTZ, ilijaribu kuzipa fedha kaya zilizokuwa fukara kupita zote. Kamati za wanakijiji zilichagua sehemu moja ya kumi ya kaya, zile zisizokuwa na mtu mwenye nguvu za kufanya kazi. Kiasi kilikuwa kwacha 30,000 za wakati huo kwa mwezi, karibu bei ya gunia la mahindi la kilo 50. Bei ya gunia! Tuliposoma habari hiyo tulimkumbuka mama yetu wa gulioni. Bibi wa Kalomo angeweza kununua gunia hilo kama angetaka. Kama ndani kulikuwa na mahindi, angenunua sabuni, blanketi, mbuzi, au angelipa kijana amlimie shamba. Uamuzi ulikuwa wake.

Hapa Tanzania Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianzishwa mwaka 2000, ukijulikana kwanza kwa madarasa, visima na zahanati. Mwaka 2010 ulianza kulipa fedha kwa majaribio katika vijiji vya wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Vijiji 80 vilihusika, 40 vikaanza kwa kura. Kaya ilipata kati ya dola 12 na 36 za Kimarekani, kwa shilingi zetu, kila miezi miwili. Ni fedha kidogo. Wenye kipato cha mjini wanaweza kuzimaliza kwa chakula cha jioni moja. Watafiti walioifuatilia kazi hiyo waliona kwamba walengwa walijiunga kwa wingi zaidi na Mfuko wa Afya ya Jamii, wakafuga kuku na mbuzi zaidi, na watoto, hasa wasichana, walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kumaliza darasa la saba. Watoto walinunuliwa viatu. Jambo hili la viatu lilitugusa, maana asiyewahi kutembea pekupeku kwenda shule hawezi kujua mguu wa mtoto unaokota nini njiani.

Mwaka 2012 ukazinduliwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao katika miaka michache ulizifikia kaya zaidi ya milioni 1, na awamu yake ya pili ilizinduliwa mwaka 2020. Wengi wenu mmewahi kuketi katika mikutano ya vijiji ambako majina yalisomwa hadharani, na mnajua kwamba si kila jina lilistahili. Uhakiki uliofanyika baadaye uliondoa maelfu ya kaya, yakiwemo majina ya marehemu na ya watu wasiokuwa maskini hata kidogo. Tusiwalaumu maskini kwa hilo. Aliyeandika jina la marehemu hakuwa marehemu.

Jirani zetu wa Kenya walikwenda mbali zaidi. Katika kaunti ya Siaya, shirika la GiveDirectly lilianza mwaka 2011 kutuma fedha kwa simu, kwa kutumia huduma ya M-Pesa iliyokuwapo tangu mwaka 2007, bila sharti lolote. Katika utafiti mkubwa uliohusu vijiji 653, kaya zaidi ya 10,500 zilizokuwa zikiishi chini ya paa la nyasi zilipewa kila moja kama dola 1,000. Waliotabiri kwamba bei zitaruka walikosea: zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.1 tu. Fedha zilizunguka, fundi akapata kazi, mwenye duka akauza, hata kaya ambazo hazikupewa chochote zikaona nafuu. Taarifa iliyotolewa mwaka 2025 ilisema kwamba vifo vya watoto wachanga katika kaya zilizopewa vilipungua kwa karibu nusu, na zaidi kwa waliokaa karibu na kituo chenye daktari. Sababu moja ni kwamba akina mama walipata kupumzika kazi nzito katika miezi ya mwisho ya ujauzito.

Ile hoja ya pombe? Wachumi wawili, David Evans na Anna Popova, waliikusanya mwaka 2017 kutoka tafiti 19 za mabara mbalimbali. Hawakuona kwamba fedha za msaada ziliongeza matumizi ya pombe na tumbaku. Mara nyingi yalipungua. Hatusemi hakuna mlevi parokiani. Tunasema tu kwamba tumekuwa tukiwapimia wengi kwa kibaba cha mmoja.

Hata hivyo fedha haijengi zahanati mahali pasipo zahanati, wala haimleti mwalimu aliyekataa kuripoti. Tena hucheleweshwa, na mikono ya njiani ni mirefu: mwezi Septemba 2018 Uingereza ilisimamisha fedha zake kwa Zambia baada ya kasoro kugunduliwa katika mpango ule ule uliotokana na Kalomo. Na masharti nayo yana mzigo wake. Mama anayetembea saa tatu kwenda kugongewa mhuri zahanati amepoteza siku ya palizi, na hakuna anayemlipa siku hiyo.

Tuliyaeleza haya yote mbele ya kamati ya parokia kabla ya Majilio. Mabishano yalikuwa makali. Mzee mmoja tunayemheshimu sana alisimama na kusema kwamba sadaka ya waamini haiwezi kugeuzwa pesa za mfukoni. Katekista akamjibu kwamba sadaka yenyewe ilitolewa ikiwa pesa za mfukoni. Mwishowe tulikubaliana kuanza na kaya 12, kila moja ipewe kwa simu, au kwa bahasha pale pasipo simu, thamani ile ile ambayo tungeitumia kununulia gunia na kulipia lori. Tulipopiga hesabu ya lori tulinyamaza kidogo.

Mama mjane alikuwa wa nne katika orodha. Hatukumwuliza amezifanyia nini. Majuma matatu baadaye alikuja mwenyewe ofisini, akaketi, akatuambia bila kuombwa: ameezeka chumba kimoja kwa mabati manne, kwa sababu mvua ilikuwa ikiyalowesha mahindi.

Kamati itakutana tena Jumapili ya tatu ya mwezi ujao, baada ya Misa ya pili. Wenyeviti wa Jumuiya waje na majina, na mzee wetu ameahidi kuja na hoja zake.