Nyungu Haikuwa ya Uso

Ukimwambia dada wa saluni pale Mwananyamala kwamba umekuja kupiga nyungu, atacheka. Kwake hiyo inaitwa stimingi, inakuja baada ya kuosha uso na kabla ya skrabu, na ina bei yake. Nyungu ni mambo ya nyumbani, ya mgonjwa, ya bibi. Lakini tazama vitu vyenyewe: maji ya moto, kichwa kimeinama, taulo limefunika, jasho linachuruzika hadi kidevuni. Mbona ni kitu kilekile? Nimekuwa nikijiuliza swali hili kwa muda, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba si kitu kilekile. Nyungu na uso zimekutana juzi tu.

Tuanze na neno. Nyungu ni chungu, chungu hiki hiki cha kupikia, ila kwa umbo la zamani. Chombo kimekopesha jina lake kwa tendo, kama tunavyosema mtu amepiga kikombe. Kufukiza nako kunatoka kwenye kufuka, iwe ni moshi au mvuke. Ndiyo maana neno moja linatosha kwa mgonjwa aliyefunikwa shuka na kwa kanga iliyotandazwa juu ya chetezo cha udi. Pwani hatukuona haja ya kutenganisha dawa na harufu nzuri. Emily Ruete, binti wa Sultani Said aliyezaliwa Unguja kama Sayyida Salme, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, na humo nguo na matandiko yanafukizwa kila mara. Kinachofukizwa ni nguo, ni nywele, ni chumba.

Kwetu Mbagala nyungu ilikuwa na sababu moja: umeugua. Shangazi alikuwa anatuma mtoto akachume majani ya mkaratusi, mwarobaini, mpera, mlimao na kivumbasi kama kipo kwa jirani, mchaichai ndiyo usiseme. Sufuria linachemka jikoni hadi mtaa mzima unajua nyumba ile kuna mtu ana mafua. Halafu unakalishwa kwenye kigoda, unafunikwa blanketi, unaambiwa usifunue hadi uambiwe. Ukitoka hapo unapewa uji, unalala. Hakuna aliyekuja kukutazama ngozi. Hata mzazi akikandwa kwa maji ya moto katika siku arobaini zake, watu walikuwa wanafikiria tumbo na mgongo.

Uso ulikuwa na mambo yake, na mengi hayakuhitaji moto. Ulikuwa na liwa, inasagwa juu ya msio kwa maji ya mawaridi hadi iwe uji mzito, inapakwa, inaachwa ikauke. Ulikuwa na singo kwa bibi harusi, na manjano. Kazi hiyo ilikuwa ya kungwi na somo, watu wenye mamlaka juu ya mwili wa msichana kuliko hata mama yake.

Hapa lazima nisimame kidogo Bunju, ambako leo ni mabasi, viwanja na kuta za matofali ya saruji. Miaka ya 1960 Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Ufini, aliishi na Wazaramo huko, na mwaka 1970 akatoa kitabu chake kuhusu mila zao. Katikati ya mila hizo yumo mwali, msichana aliyevunja ungo, anayewekwa ndani. Zamani alikaa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka; shule ilipoingia muda ukafupishwa. Alifundishwa, alipakwa mafuta, hakuona jua. Siku ya kutolewa watu walimsifu kwa jinsi alivyotakata. Jina la kipodozi hicho ni kivuli na muda. Ninaona sifa ile ya kutakata ikitufuata hadi leo, ila kivuli na muda tumeviacha njiani na kutafuta kitu cha chupani.

Chupa zilifika mapema kuliko wengi tunavyodhani. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1, 1969, sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua zisionekane. Kariakoo vijana hawakusubiri tarehe, walikuwa tayari wanawavamia wanawake na kuwararulia nguo. Historia imekumbuka sana zile sketi, kwa sababu picha zake zinavutia. Krimu zimesahauliwa. Lakini kuwepo kwake katika orodha kunatuambia kwamba mwaka ule zilikuwa zimeenea mjini kiasi cha kuwaudhi wanasiasa. Na wanasiasa, kama kawaida, walihangaika na mwanamke kuonekana Mzungu, si na kilichokuwa ndani ya kopo. Kilichokuwamo kilielezwa na madaktari. Mwaka 1972, katika British Medical Journal, madaktari wa Nairobi waliandika kuhusu wagonjwa wa figo, wengi wao wanawake waliokuwa wakipaka krimu zenye zebaki. Miaka mitatu baadaye, Afrika Kusini, Findlay na wenzake wakaeleza ngozi iliyogeuka nyeusi ya bluu, yenye vipele vigumu, kwa waliotumia haidrokwinoni kwa muda mrefu. Yaani dawa ya kung'arisha inaishia kutia giza. Leo zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi Tanzania, na bado mkorogo unachanganywa kwenye ndoo uswahilini, Temeke kama Kinondoni.

Sasa turudi kwa mvuke, maana hapa ndipo panaponitia wasiwasi. Saluni nyingi zinaeleza kwamba stimingi inafungua vitundu vya ngozi. Vitundu havina milango wala misuli ya kuifungua. Mvuke unalowanisha tabaka la juu, unalainisha mafuta yaliyoganda, unatanua mishipa midogo ya damu ndiyo maana uso unapata wekundu au mng'ao. Dakika chache baadaye unyevu unaondoka usipopaka mafuta. Hakuna ubaya, na raha yake siipingi. Ila ngozi iliyolowa na kupata joto inapitisha vitu kwa urahisi zaidi, na huo ndio wakati mkorogo unapopakwa. Mwaka juzi binamu yangu alifanyiwa hivyo katika saluni moja ambayo siitaji. Alitoka na mashavu yanayowaka na madoa ambayo hadi sasa anayafunika kwa poda. Isitoshe, joto lenyewe huchochea madoa ya aina ile ambayo wanawake wengi hupata wakati wa mimba. Anayeenda kutibu madoa kwa mvuke anapuliza moto anaotaka kuuzima.

Kilichounganisha sufuria la shangazi na kioo cha saluni, kwa maoni yangu, ni mwaka 2020. Aprili 22, akiwa Chato, Rais Magufuli aliwaeleza Watanzania kwamba mvuke wa maji yanayochemka unaweza kumdhoofisha kirusi cha korona. Kisayansi hilo halikuwa na uthibitisho, na kuna waliochelewa hospitali wakiwa chini ya shuka. Lakini kama tukio la utamaduni lilikuwa kubwa. Kitu cha faraghani kikatoka barazani. Vikajengwa vibanda vya kujifukizia mjini, watu wakapiga picha wakitokwa jasho. Februari 1, 2021 Waziri wa Afya, Dorothy Gwajima, alisimama Dodoma mbele ya kamera akihimiza nyungu na juisi ya mboga. Huko Birmingham, Uingereza, madaktari waliandika katika The Lancet mwaka 2020 kuhusu watoto waliokuja na majeraha ya maji ya moto kutokana na kujifukiza. Anayejua jiko la mkaa lililowekwa sakafuni katika chumba kimoja cha Tandale hahitaji kuelezwa lilivyo hatari.

Korona ikapungua, masufuria yakabaki, na watu wakawa wamezoea kuinamisha uso bila kuugua. Mwezi uliopita nilikuwa soko la Tandika natafuta mchaichai. Mama muuza majani alikuwa na mafungu mawili yamefungwa kwa kamba ya mgomba, yanafanana kabisa kwa macho yangu. Akaniuliza, "Unataka ya mafua au ya uso, mwanangu?" Nikamuuliza tofauti. Ya uso, akasema, haina mwarobaini, na inazidi kwa mia mbili.