Chumvi katika udongo wa Imbo: chanzo chake na namna ya kuidhibiti

Sehemu ya kaskazini ya tambarare ya Imbo, inayoanzia mitaa ya kaskazini ya Bujumbura, ikiwemo Cibitoke, na kupita Gihanga hadi mji mwingine uitwao Cibitoke karibu na mpaka wa Kongo, huzalisha mpunga, mahindi na mboga. Hata hivyo, baadhi ya mashamba yake hufunikwa na utando mweupe wakati wa kiangazi, na mimea hunyauka ingawa udongo una unyevu. Hiyo ni dalili ya chumvi.

Chumvi hutoka wapi?

Udongo wa tambarare hiyo umetokana kwa sehemu kubwa na mashapo ya ziwa na mito, na sehemu nyingine una madini ya chumvi kwa asili. Mto Rusizi nao hutoka Ziwa Kivu, ambalo maji yake yana madini mengi yaliyoyeyuka. Mvua ya Imbo ni chache kuliko ya milimani. Kuanzia Juni hadi Septemba, joto huvuta maji ya chini ya ardhi kuelekea juu. Maji huwa mvuke, chumvi hubaki.

Umwagiliaji unaweza kuongeza tatizo. Maji yenye nusu gramu ya chumvi kwa lita huonekana safi, lakini mita za ujazo 10,000 za maji hayo huacha tani 5 za chumvi katika hekta moja yasipopata njia ya kutoka.

Aina mbili, tiba mbili

Udongo wa chumvi huhesabiwa kuwa hivyo pale kipimo chake kinapozidi desisimensi 4 kwa mita. Mizizi hushindwa kunyonya maji, lakini chumvi hiyo huweza kuoshwa. Udongo wa magadi ni tofauti: sodiamu huvunja mshikamano wa chembe za udongo, ukikauka huwa mgumu, na maji hayapenyi. Mara nyingi kipimo chake cha pH huzidi 8.5.

Hatua za kuchukua

Hatua ya kwanza ni mfereji wa kutoa maji. Anayeosha shamba bila mfereji huo huinua maji ya chini, na chumvi hurudi ikiwa nyingi zaidi. Shamba lisawazishwe, kisha limwagiwe maji ya kutosha kushusha chumvi chini ya mizizi.

Udongo wa magadi huhitaji kwanza jasi iliyosagwa: kalsiamu yake huchukua nafasi ya sodiamu, ambayo huoshwa baadaye. Samadi na mabaki ya mazao husaidia maji kupenya na kupunguza ukavu.

Uchaguzi wa zao nao ni muhimu. Maharage hudhurika mapema, mahindi hustahimili kidogo zaidi, na pamba huvumilia zaidi ya yote mawili. Mpunga hudhurika hasa ungali mche, ingawa maji yanayotuama shambani hupunguza ukali wa chumvi.

Kabla ya kununua jasi, udongo upimwe maabara, kwa kuwa utando mweupe peke yake hauonyeshi aina ya tatizo.

Nchini Burundi, ambako ardhi ni haba, mkulima anayepoteza shamba kwa chumvi hupata kwa nadra jingine. Kwa sababu hiyo, kusafisha mifereji ya kutoa maji ni kazi ya wakulima wote wanaoitumia: ukiziba kwa mmoja, maji hupanda kwa jirani.